Kisimba Kwenye Shuka

Jumapili saa tisa alasiri, kanisa likishatoka, Yasini wa Tanga alitundika shuka jeupe sebuleni kwake Bellevue, mtaa wa wahamiaji, akafunga mapazia, akawasha projekta aliyoipata mjini pamoja na mkebe mmoja wa filamu. Filamu yenyewe ya kizamani, bubu. Staa wake ni Mzungu aliyetamba majukwaani kwa kujinasua kwenye minyororo. Kwenye filamu, majambazi wa msituni wanamfunga mtini pamoja na wapagazi wake wanne, anajinasua, anainama kama anapigiwa makofi, anapanda mtumbwi, anajiondokea. Wapagazi wanabaki wamefungwa.

Clémentine, msusi, alikuja na kiti chake, kitambaa chekundu kichwani. Ignace, anayetafsiri mahubiri kanisani, akatafsiri midomo.

"Huyu mpagazi wa pili anauliza, ule mama wa kitambaa chekundu ni mutoto wa nani?"

"Wa Kalemie, babu," Clémentine akajibu. "Mama yangu ni mujukuu wa Kisimba."

"Anasema njo yeye mwenyewe Kisimba."

"Eish, mwambie ashuke anywe chai," Yasini akasema.

"Anasema amefungwa."

Kule nyumbani Kalemie matanga ya Kisimba hayajavunjwa mpaka leo. Aliondoka na Wazungu wenye kamera, na hakuna aliyeleta habari za kifo. Clémentine akampigia mama yake video, akaielekeza simu kwenye shuka.

"Mumuulize kama alikufa," mama akasema. "Watu wamechoka kungoja."

Ignace akaitazama midomo. "Anasema angali mu kazi."

Clémentine akatoa mkasi mkobani, akapenyeza mkono shukani. Mkono ukawa wa kijivu kama filamu hadi kiwiko. Akakata kamba. Kisimba akanyoosha mabega, akawafungua wenzake. Filamu ikaisha. Yasini alipoirudisha mwanzo, wote wamefungwa tena.

"Na chakula, wanamupa?" mama akauliza.

Hakuna aliyekumbuka kumwona akila.

Jumapili iliyofuata Clémentine alikuja na sufuria ya bukari na sombe, ugali na kisamvu vya kwao. Staa akijinasua, yeye alikuwa anamlisha babu tonge kwa tonge, akimpangusa kidevu. Wale wapagazi watatu nao wakafungua midomo, ikabidi wiki iliyofuata aongeze sufuria. Mama akawaambia ndugu wa Kalemie waendelee kungoja.

Baada ya miezi mitatu mashavu ya Kisimba yalikuwa yamejaa vizuri, na tumbo limetoka kidogo. Majambazi waliokuwa wanamfunga wakaenda kuleta kamba ndefu zaidi.