Inveta ya Nyumba Nzima

Kila alfajiri mwashi mstaafu aliamshwa na mlio wa inveta, mashine iliyowasha nyumba kwa umeme wa betri: betri zimekwisha. Na jana yake hakutumia kitu cha maana, ni balbu ya sebuleni, redio na kuchaji simu basi. Betri zilikuwa mpya. Akashuku jirani amejivutia waya, akauzunguka ukuta alioujenga mwenyewe, asione kitu. Ndipo akamwita fundi, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache.

"Karibu binti, mgonjwa yuko huku."

Fundi alipima betri, zikawa nzima. Akazima swichi zote, akachomoa hata chaja ya simu, kisha akabana waya wa betri kwa kipimo chake. Namba bado ilikuwa kubwa, kana kwamba kuna kitu kinatumia umeme. Akakirudisha kipimo kwenye sifuri, akabana tena. Ileile. Alipozima inveta yenyewe, namba ikaanguka.

"Mwizi tumempata, baba. Ni inveta. Ikiwashwa tu, hata bila kazi, inakula, na kubwa kama hii inakula sana. Inakushinda hata wewe."

"Yenyewe ina meno, binti."

Wakacheka. "Kwani mko wangapi humu?" fundi akauliza.

Kicheko kikamkauka mzee. Aliinunua wakati mama watoto yuko hai, vyumba vimejaa, pasi inagombaniwa. Kila mtoto alipozaliwa aliongeza chumba. Sasa milango ile ilifunguliwa siku ya kufagia tu.

"Niko mimi."

Fundi akajishughulisha na kukunja waya. "Basi ndogo itakutosha. Ninayo kwenye gari."

"Watoto wakija, itabeba pasi?"

"Haitabeba, baba."

Mzee akatoka uani kumpigia binti yake mkubwa. Alimweleza kwa kirefu, kama anayeomba radhi: akiiondoa ile kubwa, wakija hawatapiga pasi, wala friji haitawaka. Alitarajia ubishi. Alikuwa tayari hata kushindwa.

"Ah, baba, si ungebadilisha zamani!" binti akasema. "Weka hiyo ndogo. Kwani sisi huko tunakuja lini? Ngoja, nitakupigia."

Simu ikakatika. Mzee akabaki nayo sikioni.

"Wanasemaje?" fundi aliuliza alipomwona anarudi.

"Wamekubali. Funga."

Inveta kubwa iliacha alama pana ya rangi safi ukutani. Ndogo ikakaa katikati yake. Fundi akabana waya, akamwonyesha namba: ilikuwa kiduchu.

"Kaa basi kidogo, tuzungumze," mzee akasema.

"Nina mteja ananingoja, baba. Siku nyingine."

Giza lilipoanza kuingia, mzee aliwasha taa za vyumba vya watoto, kimoja baada ya kingine, akihofu mashine itazidiwa. Haikuzidiwa. Akaketi kwenye ngazi za nje, anaitazama nyumba inavyong'aa, hadi mbu walipomchosha. Akaingia, akazizima moja moja.