Upau Unaopita Machoni

...na sasa mlango kwenye skrini umegeuka kioo, mlango mzima na kitasa chake, kwa sababu tu Kaija alibadilisha nafasi kati ya pau, haya, tendua, tendua tena, mlango ukarudi, na upau wa alumini nao ukarudi usawa wa goti, pale alipouchora yeye mwanzoni, akaweka kishale juu ya ukuta wa kioo, akabonyeza Tab, ukawaka ukuta wote, Tab, kikawaka kioo, Tab, upau, huohuo, akabofya ile pini ndogo inayoufunga, akavuta juu, wapi, kisanduku cha manjano kikamwambia haiwezekani, haiwezekani kwa nani, na michoro inakwenda kiwandani jioni hii, vioo vikishakatwa vimekatwa... "Kaija, umefika kwenye tofali?" huyo ni Verlyn, bosi, nyuma ya kizuizi, mdomo umejaa biskuti, "upau unyooke na mstari wa tofali, dada, jicho lipite bila kukwama," jicho la nani, Verlyn, la mtu anayepita barabarani, "Upau unanigomea!" "Ubembeleze! Uambie leo Ijumaa!" na kicheko, makombo hayo yataishia kwenye michoro, na upau ukipanda hadi kwenye tofali unafika mita moja na robo, na jengo hili ni nyumba ya wazee, wazee wanakaa, Baba anakaa, tangu kiharusi anakaa kwenye kiti cha magurudumu katika nyumba kama hii kule mlimani, ziwa lote la Superior liko mbele yake na upau kama huu umempita machoni, juu anaona mbingu, chini magari yaliyoegeshwa, meli zinazoingia bandari ya Duluth zinapita nyuma ya alumini, yeye aliyezipakia madini ya chuma ujana wake wote, anarefusha shingo, anaikunja, kisha anauliza polepole, "Kaija, imeingia ipi hiyo?" naye Kaija anasimama kumsomea jina... lakini upau hausogei wenyewe, jamani, unafuata mstari wa gridi, hilo alilijua tangu wiki ya kwanza chuoni, asubuhi nzima anavuta kisichovutika, yeye, anayepima hata pengo la gundi, Tab, ukawaka mstari wa nukta uliolala chini ya upau, ndio huu, uvute tu, unakwenda, umekwisha, Verlyn anafurahi... na mkono haukuvuta, kumbe haukutaka tangu asubuhi, akashika wenzo wa kiti, kikashuka kwa kukoroma, kikashuka mpaka mwisho, na upau wa dirisha la ofisi ukaja usawa wa macho ukalifuta ziwa lililo nje. "Verlyn, hebu njoo ukae hapa." "Nikae? Kwani una habari ya kuniangusha?" "Kaa kwanza. Kiti nimeshakushushia." Kwenye skrini mstari unawaka bado, palepale, usawa wa goti.