Trei Isiyotulia

Tangu asubuhi trei ya mayai ilikuwa inayumba kama kitanda cha mtoto anayebembelezwa na mlevi. Fundi redio, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Waya, aliisikia akiwa bado mlangoni: ngwii, kimya, ngwii, kimya. Mashine hiyo ya kutotolesha vifaranga aliiunda mwenyewe, na mayai yote ya wifi yake yalikuwa humo.

"Si ulisema itageuza asubuhi na jioni?" Wifi alishika kiuno. "Unanitotoleshea vifaranga au unanikorogea mayai ya kukaanga?"

"Tulia, wifi. Huo mdomo hauna swichi?"

Sebule ilijaa watu, na hakuna aliyetoka. Ugomvi wa mawifi hauna kiingilio.

Mama Waya akapiga magoti, akachungulia. Mota ya kugeuzia trei ilipoanza tu, taa ya kibao kidogo cha saketi kinachoiamuru ilizimika. Ikawaka tena. Na kibao kikizinduka, kazi yake ya kwanza ni kugeuza mayai. Mota ikaamka, kibao kikazimia upya.

"Kinazimia kwa njaa," akasema.

"Umeme si upo?" wifi akauliza.

"Upo. Ila mota inachota kupitia kwenye kibao." Ndivyo alivyounga, kwa waya mwembamba, ili kazi ionekane nadhifu.

"Kama mwanangu, mumeo huyo," mama mkwe akachomekea kutoka kwenye kochi. "Mpe sahani ya mtoto aipitishe, mtoto atapata mfupa."

Mama Waya akachomoa plagi. Adapta ya kuleta umeme ikabaki ile ile moja, lakini sasa waya mnene ulitoka kwake moja kwa moja hadi kwa mota, na mwingine hadi kwa kibao. Pembeni ya kibao akaweka kapasita, akiba ya umeme ya pale mota inaposhtuka. Akachomeka.

Trei haikusogea.

"Umeiua," wifi akasema, safari hii bila utani.

Waya hasi wa upande wa mota ulikuwa unaning'inia. Akachomoa tena, akaukutanisha na hasi wa kibao pale pale kwenye adapta.

Trei ikainama mara moja, taratibu, ikatulia. Taa haikupepesa.

Wifi akatoa yai, akalimulika kwa tochi ya simu. Mishipa myekundu, na kitone kinachodunda. La pili, vivyo hivyo. La tatu lilikuwa na duara la damu tu, halina uhai. Akaliweka kando.

"Hili nitakusimanga nalo mpaka uzeeni."

"Najua," Mama Waya akasema. "Mulika linalofuata."