Kipaza Sauti cha Mtaa wa Kijitoni

Adhuhuri ya Jumatano Květa Matoušková alikuwa jikoni akikanda unga wa madonge ya kujazwa plamu, bakuli la plamu likiwa pembeni yake, vipaza sauti vya halmashauri vilivyo juu ya nguzo za mitaa vilipopiga ule muziki wao wa tarumbeta. Vilitangaza kwamba maji yatakatwa upande wa kilimani, kwamba muuza kuku wa mayai atasimama uwanjani mbele ya sanamu ya mtakatifu, na kwamba mwaka arobaini na tisa Hynek Skála, mjenga majiko, aliwaambia polisi kuwa shemeji yake husikiliza redio ya nje. Tangazo la tatu lilisomwa na Skála mwenyewe, marehemu wa siku nyingi, kwa sauti yake ileile ya puani. Kisha tarumbeta zikapigwa tena na watu wakaendelea kula.

Mji wa Olšina ulikuwa umeshazoea. Jambo hili lilianza tangu theluji ilipoyeyuka, kwenye nguzo ya kule juu karibu na kanisa dogo, likashuka polepole likifuata kijito, kama mji wenyewe ulivyojengwa: kwanza kilimani, halafu uwanjani kwenye miti ya kivuli, halafu mtaa wa watengeneza ngozi, na mwisho kabisa Kijitoni, ambako ardhi ni ya chini na maji huingia kwenye stoo za chini ya nyumba. Kila nguzo ilisema mambo ya mtaa wake tu. Meya, Bwana Zbyněk Holoubek, aliita fundi kutoka wilayani. Fundi alifungua kile kisanduku cha waya, akasema humu hamna umeme tangu mafuriko, panya wamekula kila kitu, akaomba kahawa. Meya akatangaza kwamba mwenye malalamiko afike ofisini. Alifika Bi Kopřivová peke yake, kulalamika kwamba sauti ni ndogo na nyanya yake hasikiki vizuri.

Sasa ilikuwa imebaki Kijitoni, na Květa aliingoja zamu hiyo kwa hamu ya mtu anayengoja mgeni. Alitaka kumsikia aliyemuuza baba yake kwa polisi. Jina alikuwa nalo tayari. Alichotaka ni mtaa mzima ulisikie.

Majira ya baridi ya mwaka hamsini na mbili, baba yake, Alois Kudrna, alichinja nguruwe bila kibali. Siku zile nguruwe uliyemlisha mwenyewe hakuwa wako mpaka serikali ichukue fungu lake, na fungu lake halikuwa dogo. Kudrna alitundika blanketi kwenye dirisha la stoo ya chini, akafungulia redio mpaka mwisho ili mlio usisikike, na kijana mmoja wa mtaani akamshikia bakuli la damu. Polisi walifika kabla soseji hazijaiva. Kudrna akapelekwa machimboni, na majira ya baridi yaliyofuata akarudishwa ndani ya sanduku. Mama yake Květa hakutafuta mbali. "Nani mwingine angesikia harufu ya kitunguu saumu cha soseji?" alisema. "Ukuta ni mmoja."

Upande wa pili wa ukuta huo walikaa akina Vaněk. Binti yao Jarmila alikuwa akikaa dawati moja na Květa shuleni, na tangu wiki ile Květa alimpa mgongo. Mtaa nao ukafuata. Jarmila alienda kwenye dansi akarudi hajainuliwa kitini, mayai yake akayauza mji mwingine, akazeeka na kuku wake bila kusalimiwa na mtu.

Yule kijana wa bakuli alikuwa Oldřich Matoušek. Miaka ilipopita alimwoa Květa, naye Květa akawa Matoušková. Wakati huo alikwisha kuwa dereva wa trekta la ushirika, tena mwenye moyo, kwani shamba la mama mkwe alililima bure. Picha yake juu ya trekta hilo ilitundikwa sebuleni, juu ya kiti cha mzee Kudrna, na kiti hicho ndicho alichokalia.

"Mama," Oldřich alisema jioni ile, maana ndivyo alivyomwita mkewe, "twende mjini Brno kwa mwanetu Radka. Kawiki kamoja tu."

"Plamu zitaoza."

"Tutazibeba."

"Olda, nimengoja tangu nikiwa mtoto. Nataka yule mwanamke wa nyuma ya ukuta aisikie sauti ya babake mwenyewe akiwa nyumbani kwake, dirisha wazi."

"Hayo yamepita."

"Kwako yamepita. Aliyeuzwa hakuwa baba yako."

Asubuhi Oldřich alichukua ngazi na koleo akapanda nguzo iliyo mbele ya nyumba, akaukata waya. Jarmila alimtazama kutoka upande wake wa uzio, kuku kwapani. Květa alipouliza anafanya nini huko juu, Oldřich alisema waya huo unaumiza mbayuwayu. Květa akamkumbusha kwamba mbayuwayu wameshaondoka, kisha akamshikia ngazi ashuke, maana alikuwa mzee na magoti yake si ya kuaminiwa.

Ijumaa adhuhuri Květa alifungua madirisha yote, akafuta meza, akapakua madonge na kuyanyunyizia jibini. Tarumbeta zikapigwa. Halmashauri ikatangaza chanjo ya mbwa na ukusanyaji wa vyuma chakavu. Kisha kwenye nguzo ya Kijitoni, waya ukining'inia, mtu akasafisha koo mara mbili.

Květa alilijua koo hilo. Alilisikia kila asubuhi kabla ya kahawa.

"Alois Kudrna wa Kijitoni amechinja," sauti ya kijana ilisema. "Nyama iko chini ya makaa ya mawe, upande wa kushoto. Nilikuwepo mwenyewe, nilishika bakuli. Na kuhusu lile trekta, mlisema mtanikumbuka."

Tarumbeta zikapigwa tena. Oldřich alipasua donge kwa uma, akalitazama.

"Sukari," alisema.

Květa akamsogezea sukari.

"Ni wewe."

"Nilikuwa kijana mdogo, mama."

"Ulikuja mazikoni."

"Kila mtu alikuja."

"Ulinishika mkono."

"Ulikuwa unalia."

"Na ukanioa."

"Nilikupenda," Oldřich alisema. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomkata Květa maini kuliko mengine yote.

"Na Jarmila je?"

"Mimi sijawahi kumtaja Jarmila. Mama yako ndiye aliyemtaja."

"Ukanyamaza."

"Kuna aliyeniuliza?" Oldřich alisema, akaongeza sukari.

Květa alijaza sahani madonge, akavua ndara, akavaa viatu vya nje, akaenda uzioni. Jarmila alikuwa akianika mashuka.

"Jarmila," aliita. Jina lilitoka limekwaruza, maana alikuwa hajalitumia tangu dawatini.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Mimi siku zote nilidhani ni nyinyi."

Jarmila alitoa kibanio cha nguo mdomoni.

"Sisi?" alisema. "Mimi nilidhani unajua. Kijana hana hata baiskeli, wiki ileile anakabidhiwa trekta. Nani asiyejua? Mtaa mzima unajua. Nilidhani hunisalimii kwa aibu ya mumeo. Nikasema moyoni, mwache, anaona haya, maskini."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Nani akwambie? Ulishaolewa naye. Tena trekta lenyewe lilitulimia sisi sote."

Květa alimnyooshea ile sahani juu ya uzio.

"Siku hizi sili plamu," Jarmila alisema. "Zinanipandisha sukari." Akabana shuka, na shuka likawa katikati yao.

Kijitoni ndio mtaa wa mwisho wa Olšina. Chini yake hakuna nguzo nyingine, ni kijito na mashamba ya ushirika, kwa hiyo sauti haikuwa na pa kushukia ikabaki palepale. Kila adhuhuri, baada ya maji na mbwa na kuku wa mayai, iliomba trekta. Meya alikuja na chupa ya mvinyo kuuliza kama familia ingependa nguzo isogezwe, Oldřich akasema haina haja, haimsumbui. Majirani walianza kuitumia kujua saa ya kuweka viazi mezani. Walimsalimu Oldřich kama zamani. Květa alimsalimu Jarmila kila asubuhi, na Jarmila hakuitikia. Hakuwa na kinyongo, ila alikuwa hana mazoea.

Picha ya trekta Květa aliishusha. Ukutani ukabaki mraba mweupe uleule wa picha, na Oldřich akaendelea kukaa chini yake, kwenye kiti cha mzee Kudrna. Adhuhuri koo liliposafishwa mara mbili, Květa alinyanyua sufuria. Siku nyingine ilikuwa ni nguzo, siku nyingine ni mumewe akitaka chakula. Aliacha kutofautisha, akapakua.