Kusahaulishwa kwa Msusi wa Gubiko

Nchi ya Gubiko ilijengwa mteremkoni, juu kasri la Wasomi lenye madirisha yasiyofunguka, chini mabati ya watu, na katikati ukuta mnene uliopakwa chokaa kila mwaka kwa jasho la wasioruhusiwa kuuvuka. Huko juu zilifugwa tenzi za kale, zikalishwa kivuli na ubani mpaka zikanona, wala hakuna aliyeruhusiwa kuzisoma ila wenye majoho, ambao nao, tuseme kweli, walizilalia kama mito.

Lakini tenzi zina miguu. Kwenye kibanda cha Zawena, msusi, wanawake walijifunza kinywani mwake utenzi wa malkia ubeti kwa ubeti, vichwa vikivutwa na machozi yakiwatoka, ya nywele au ya malkia, hata wenyewe hawakujua.

Zawena akakamatwa. Sheria ya Gubiko ilisema ajifunzaye nje ya kasri asahaulishwe uwanjani: Mtukufu Kidevu, mkubwa wa Wasomi, humsomea kila ubeti alioiba, naye hujibu, "Nimesahau." Asiposahau utenzi wote kabla jua halijazama, kibanda chake huvunjwa.

Kidevu akasoma, Zawena akasahau, uwanja mzima ukisikiliza, hadi ubeti ambapo malkia alifika lango la ngome.

"Mimi najua mpaka hapo tu," Zawena akasema.

"Sheria inasema wote!"

"Sasa nisahau nisichokijua, Mtukufu? Kibanda kile ndicho kinacholisha wanangu. Nipe nikijue, nikisahau, twende zetu."

Kidevu akawageukia askari. Askari wakatazama viatu vyao. Sauti ikatoka nyuma: "Msomee, bwana, jua hilo linakwenda!"

Akasoma. Malkia akaingia ngomeni, akamkuta mfalme peke yake, upanga mkononi, akilinda chumba kitupu. Mtu akacheka, akajiziba mdomo.

"Nimesahau," Zawena akasema, akashusha pumzi. Kibanda kimepona.

"Na nyinyi?" Kidevu akauuliza uwanja, kijasho kikimtoka, maana nao sasa walikuwa wamejifunza nje ya kasri.



"Sisi bado, baba," akajibu mama mmoja aliyesukwa nusu kichwa. "Tumesahau vipande vipande tu. Ungeanza tena mwanzo."

Kidevu akatazama kasri, akatazama watu, akafungua ukurasa wa kwanza.

Hadi leo haijulikani kama anaadhibu au anafundisha. Ila askari wameshakaa chini, na juzi mmoja wao alimsahihisha.