Hiari, Mwisho Ijumaa Saa Nne

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha pasi, katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Lilisema kila mfanyakazi atajaza Fomu ya Ridhaa ya Hiari, kisha achanje dhidi ya ugonjwa wa mapafu uliokuwa umezagaa mjini. Hiari hiyo ilipewa wiki sita, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Atakayekuwa hajaridhia kufikia hapo atahesabiwa amejifukuza kazi mwenyewe.

Wakili ndiye aliyelisoma kwa sauti. Hakuwa wakili hata kidogo. Alikuwa mkunja mashuka kama wenzake, ila jina alipewa kwa sababu hakuna ubishi uliopita mbele yake bila kuukaribisha. Alipomaliza kusoma alipanda juu ya toroli la mashuka mabichi, akapandisha suruali, akaanza.

"Jamani, shuka la hospitali lina muhuri kwenye pindo ili lijulikane ni la nani. Mimi mwili wangu una muhuri wa nani? Siutoi kwa mtu eti kwa sababu meneja ana kalamu!"

Makofi yalipigwa hadi mashine ya kukaushia ikawa haisikiki. Watu kumi na wanne wakaandika majina kwenye karatasi ya kukataa. Aliyemfuata Wakili ni fundi wa boila, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Aliyemfuata fundi ni dada mkubwa wa Wakili, wa tumbo moja, aliyekuwa akikunja naye mashuka meza moja mwaka wa tisa huo. Dada ana pumu, na dawa yake ya kuvuta haitoki mfukoni mwa aproni.

Sasa aibu yenyewe ni hii: Wakili alikuwa ameshachanja. Wiki tatu kabla ya tangazo, meneja hajaiota hata hiyo fomu, alikwenda zahanati ya upande wa pili wa mji, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akanyoosha mkono. Hakulazimishwa na mtu. Alikuwa anaogopa kufa, basi, kama watu wote wenye akili. Lakini juu ya toroli hakuna anayepigiwa makofi kwa kuogopa.

Hakupanga kudanganya. Aliona tangazo, mdomo ukatangulia, makofi yakafuata, na kilemba cha ukoka ukishavikwa kinakaa vizuri sana kichwani. Chai ya saa nne ikawa inamiminwa kwake kwanza. Watu waliozoea kumwambia "hebu tupumzishe" sasa walimwuliza, "Wakili, na hili unalionaje?" Alikuwa na furaha, na alijua kabisa kwamba ni furaha ya wizi.

Wiki ya sita, Jumanne, fundi wa boila hakuja kazini. Jumatano ikasikika amelazwa, anapumua kwa mpira wa oksijeni. Habari ilimkuta Wakili ameshika pembe mbili za shuka, dada yake kashika mbili. Kukunja shuka ni kumwendea mwenzako mpaka mkutane uso kwa uso. Kila walipokutana dada alikohoa kidogo, na kila alipokohoa Wakili alikosea pindo.

"Dada," alisema, "wewe na hiyo pumu yako, ungechanja tu."

Dada akasimama na shuka lake. "Meneja amekutuma?"

"Hajanituma."

"Basi usinijaribu. Nimekulea tangu mama afariki, sijawahi kukuona unasimamia kitu kikasimama. Shule uliacha, useremala uliacha, mke akakuwahi akakuacha yeye. Hili umelisimamia, na mimi niko nyuma yako. Tukifukuzwa tufukuzwe wote."

Alisema hivyo kwa mapenzi, macho yanamng'aa. Wakili aliona afadhali dada angemzaba kibao.

Ijumaa saa tatu na nusu meneja aliweka meza katikati ya chumba cha pasi, nesi upande huu, rundo la fomu upande ule. Wakataaji walijipanga ukutani kumsubiri msemaji wao. Wakili akajikaza kisabuni, akapanda toroli.

"Jamani, mimi nimechanja. Nilichanja kabla ya tangazo. Niliwadanganya." Akachomoa kadi ya chanjo, akaiinua juu wote waione.

Mpiga pasi mmoja akaangua kicheko. "Kadi feki! Wakili, wewe kiboko!"

Chumba kizima kikalipuka. "Ona muhuri ulivyotulia!" "Kaka, umetengenezewa wapi? Niagizie na mimi!" Wakamshusha, wakambeba juujuu. Aliapa, wakasema anajua kuapa. Akalia machozi ya kweli, wakazidi kushangilia.

Meneja akaipokea ile kadi, akaivalia miwani. "Tarehe hii ni ya kabla ya tangazo langu."

"Ndiyo, bosi."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna. Nilikwenda mwenyewe."

"Basi ni feki," meneja alisema, kama mtu aliyefunga hesabu. "Nina miaka ishirini hapa. Hakuna mtu anayefanya jambo la maana kabla hajalazimishwa." Akaitia kadi kwenye bahasha ya ushahidi, akamsimamisha Wakili kazi kwa kughushi.

Dada peke yake hakuwa amecheka. Alipenya katikati ya watu, akamkazia macho mdogo wake.

"Wewe ukidanganya huwa unatabasamu. Leo unatetemeka. Ni kweli?"

"Ni kweli, dada."

"Kwa hiyo wiki zote hizi wewe umejifunika, na mimi niko nje kwenye baridi nakupigia makofi."

Hakusubiri jibu. Alikwenda mezani, akatia saini fomu bila kuisoma, akapandisha mkono wa gauni. Sindano ilipoingia hakumtazama nesi, alimtazama Wakili.

"Nusu ya kosa ni yangu," alisema, kakandamiza pamba begani. "Nilikuwa na kichwa changu, nikaazima chako. Nusu yako kaimalizie kwa fundi wa boila. Nenda ukamwambie ukweli angali anasikia."

Hospitali ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Wakili aliukimbia. Getini askari akamnyooshea kiganja.

"Kadi ya chanjo."

"Namfuata fundi wa boila wa kiwanda cha mashuka. Nimechanja, ila kadi imeshikwa na meneja wangu."

"Wote mnasema hivyohivyo." Lakini hakuwa mtu mbaya askari yule, aliyaona macho mekundu, akalegea. "Sema ujumbe, nitampa nesi amfikishie. Mzee anasikia, kuzungumza ndiyo hawezi."

Wakili alitafuta maneno. Mtu wa maneno yote yale, siku hiyo alipata machache tu.

"Amwambie kwamba mimi nilichanja kabla ya wote."

Askari alikuwa ameshatoa kalamu ili aandike. Akairudisha mfukoni polepole.

"Mzee wa watu anahangaika na pumzi," alisema, "na wewe umekuja kumringia?"