Kiti cha Aljebra

Kila Novemba sisi akina mama wa Kimeksiko tunaoishi hapa ugenini hupika tamales kuichangia shule ya serikali wanayosoma watoto wetu. Tunakanda unga wa mahindi, tunatia nyama na pilipili, tunafunga kwenye maganda, tunapika kwa mvuke. Tunaziuza shuleni, na hazifiki adhuhuri. Fedha zake hununua vifaa vya darasa la aljebra. Darasa hilo halina mtoto wetu hata mmoja. Lakini lina bango linalosema shule inajivunia utamaduni wetu.

Binti yangu Itzel alipata kwenye mtihani alama za kuwashinda nusu ya waliomo, na bado anafundishwa hesabu za sehemu kwa kupaka rangi picha za pitsa. Asipoanza aljebra mwaka huu, uhandisi atausikia redioni. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bwana Haldorsen. Akanisemesha polepole kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Nina shahada ya uhasibu. Masikio yangu mazima.

"Darasa limejaa, mama. Wazazi wa wale waliomba."

"Kumbe ni kuomba?"

"Ninyi hamjawahi kuja."

Kweli. Tumelelewa kwamba kumfundisha mwalimu kazi yake ni utovu wa adabu. Wenzetu wamelelewa vingine, na watoto wao wameketi.

Siku ya mauzo foleni ilifika barabarani. Nikasimama mbele ya masufuria, koleo mkononi.

"Hakuna atakayekula hapa mpaka Itzel apate kiti."

Rafiki yangu Refugio akaninong'oneza, "We Amparo, unatuaibisha! Watu wana njaa."

"Si waombe? Ndiyo desturi ya hapa."

Bwana Haldorsen alikuja mbio, akapiga simu, akatabasamu. "Kiti kimoja kimeonekana. Aanze Jumatatu."

Nikampakulia yeye kwanza. Kisha nikamuuliza, "Na Eliseo, mtoto wa Refugio? Ndiye anayemsaidia Itzel hesabu."

"Mama yake hajaomba," akasema, huku akibandua ganda.

Refugio, ambaye hajawahi kumjibu mwalimu maishani mwake, alifuta mikono kwenye aproni, akafunika sufuria.

"Naomba," akasema. "Na samahani, mwalimu, hiyo sahani nirudishie kwanza."